Riwaya ya Maniema isimuliwe na nani?

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, mtu mwenye bunduki alikuwa akibishana na mchuuzi juu ya bei ya kuku. Soko lilikuwa na watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, vyungu na mazao ya shamba. Kabla ya ubishi ule kwisha, bunduki za watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa zililia katikati ya umati. Wanawake wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikabanana kwenye kijito ikashindwa kutoka, na walioruka majini wakachukuliwa na mkondo. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza mwaka uliofuata iliwatikisa watu, na ikawa moja ya sababu zilizomsukuma Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Lakini kila tunachokijua kuhusu asubuhi ile, hata yule kuku, kimepita katika jicho la mtu mmoja, mgeni aliyekuwa sokoni akitazama: David Livingstone. Mchuuzi wa kuku hakuandika. Mwenye bunduki hakuandika. Mwandishi wa leo wa Kasongo au Kabambare anayetaka kuigeuza historia ya kwao kuwa riwaya anakutana na swali hili kabla ya sentensi yake ya kwanza: nani anayeona?

Wataalamu wa fasihi huita jambo hili mtazamo wa msimulizi. Riwaya inaweza kusimuliwa na mhusika mwenyewe anayesema “mimi”, kama Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Inaweza kusimuliwa kwa nafsi ya tatu na msimulizi maizi, ajuaye yaliyo moyoni mwa kila mtu na yatakayotokea kesho. Au msimulizi anaweza kusema “yeye”, lakini akajifunga nyuma ya mabega ya mhusika mmoja, asione ila anachokiona huyo. Njia ya nne ni kukabidhi hadithi kwa macho kadhaa kwa zamu, sura hii kwa mmoja, sura ile kwa mwingine. Hoja yangu ni kwamba historia ya Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, inadai njia hii ya nne kuliko karibu historia nyingine yoyote inayosimuliwa kwa Kiswahili, na kwamba njia hiyo hufanikiwa pale tu kila jicho linapoona jambo ambalo macho mengine hayawezi kuliona, na kuliona kwa maneno yake lenyewe.

Tuanze na Livingstone, kwa maana yeye peke yake ni somo zima. Alifika Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, mnamo Septemba 1869, na mwaka uliofuata akakwama huko miezi mingi kwa madonda ya miguu. Aliishi kwa hisani ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Muhammad bin Gharib, mmoja wao, aliwahi kumbeba na kumwuguza alipokuwa hoi. Kwa hiyo jicho lililotuachia habari za Nyangwe lilikuwa jicho la mtu aliyekula chakula cha watu aliowashitaki. Karatasi zilipomwishia aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la London, The Standard, kwa wino wa mmea wa porini, mistari yake ikikatiza maandishi ya gazeti. Baadaye aliyanakili hayo upya katika daftari lake kubwa, na baada ya kufa kwake mwaka 1873 rafiki yake Horace Waller akalihariri na kulichapisha mwaka 1874. Wino wa gazetini ulififia hata usisomeke. Ilipofika mwaka 2011, wanazuoni wakiongozwa na Adrian Wisnicki walikuwa wamezipiga picha kurasa zile kwa miale ya rangi mbalimbali, na maandishi ya kwanza yakaibuka. Walipolinganisha, walikuta kwamba mambo yenye kutia shaka juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamelainishwa au kuachwa njiani. Mtu mmoja, asubuhi moja, masimulizi mawili. Mwandishi wa riwaya asiyaone haya kuwa kasoro ya kihistoria tu. Yanamwonyesha kwamba mtazamo hubadilika hata ndani ya kichwa kimoja, kulingana na umbali wa siku na msomaji anayekusudiwa.

Jicho la pili ni la mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, ambaye Kasongo ulikuwa mji wake mkuu bara. Yeye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akihimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyeyachapisha mwaka 1902 na 1903. Anayetaka kujua sauti ya mtu inavyobeba mtazamo wake, na akisome kitabu hicho polepole. Vitenzi vya “-ka-” vinafuatana bila kupumua: tukaenda, tukapigana, tukapata, tukarudi. Vita na bei ya pembe huenda kwa mwendo uleule. Kijiji kilichochomwa hakipewi pumzi ndefu kuliko hesabu ya frasila. Hakuna anayejitetea humo, na hakuna anayeungama. Anasimulia hata jinsi alivyoupata utawala wa Utetera, kwa kumwambia mzee Kasongo Rushie kuwa bibi yake alikuwa ndugu wa chifu huyo aliyetekwa zamani, na msomaji huachwa apime mwenyewe kama huo ni udugu au werevu wa mfanyabiashara. Hata jina lake lina macho mawili. Mwenyewe anasema wenyeji walimwita hivyo kwa mlio wa bunduki zake, na wengine walisema ni kwa vile macho yake yalikuwa yakipepesa. Jina hilo linamwonyesha aliyelitoa: anayekimbia husikia bunduki, anayeketi naye kwa maongezi huona kope.

Lakini jicho hili nalo lina mwisho wake. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Francis Dhanis yalipoingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili 1893, na Kabambare ilipoanguka Januari 1894, Tippu Tip alikuwa Unguja. Mwanawe Sefu ndiye aliyepigana, naye akafa mwaka 1893. Riwaya inayosimuliwa na baba kwa “mimi” ingefikia ukingoni hapo: ama apate habari kwa barua, ama mwandishi atafute mtu aliyekuwapo. Mmoja aliyekuwapo ni daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dhanis na kuchapisha kitabu mwaka 1897. Yeye anashangaa kuikuta Kasongo ikiwa mji uliojengeka, wenye mashamba mazuri na nyumba za fahari, na anaeleza jinsi hata askari wa kawaida walivyolala juu ya magodoro ya hariri katika vitanda vya nakshi. Ni picha ya mshindi anayehesabu nyumba ya mwingine. Vitanda vile vilichongwa na nani, na nani alikuwa akivitandika wiki moja kabla? Hinde hawezi kutujibu, si kwa ubaya, ila kwa sababu aliingia kupitia mlango wa mbele, na bunduki mkononi.

Wapo walioingia kwa milango mingine. Disasi Makulo, aliyetekwa utotoni na watu wa Tippu Tip, akakombolewa na mpelelezi Stanley mwaka 1883 na baadaye kuwa mhubiri, alimsimulia mwanawe maisha yake, na kitabu kikatoka Kinshasa mwaka 1983. Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba aliyeuzwa mara kumi, habari zake zimetufikia kwa kalamu ya mmisionari Dugald Campbell. Sauti hizi zipo, ingawa zimepita katika mikono ya wengine, na kila mkono umeacha alama yake. Ukizipanga kando ya Livingstone, Tippu Tip na Hinde, unaona kwamba Maniema haina uhaba wa mitazamo. Kilichokosekana ni kitabu kimoja kinachoiweka ikabiliane.

Sasa tushuke kwenye ufundi, maana hapa ndipo wengi huteleza. Mwandishi anayeanza hudhani kubadilisha mtazamo ni kubadilisha jina lililo juu ya sura. Sura ya kwanza ni ya mfanyabiashara, ya pili ya mpagazi, ya tatu ya mwanakijiji, na wote watatu wanazungumza kama mwalimu mmoja wa sekondari. Dawa iko katika nomino. Chukua jino moja la tembo. Wafanyabiashara waliofika Maniema mapema walisimulia kwamba wenyeji waliyatumia meno ya tembo kuwa miimo ya milango na nguzo za nyumba. Basi katika sura ya mwanakijiji, kitu hicho kiitwe nguzo. Kina alama za moshi na mahali mtoto alipokuwa akisugua mgongo. Katika sura ya mfanyabiashara ni pembe, yenye uzito wa frasila kadhaa na ufa mdogo utakaopunguza bei. Katika sura ya mpagazi ni mzigo: una ncha inayochoma bega la kushoto, na hauna thamani nyingine hadi utuliwe. Mwandishi akishika nidhamu hiyo hana haja ya kuandika jina la msimulizi juu ya sura. Vivyo hivyo kwa watu. Aliyejiita mwungwana alimwita jirani yake mshenzi; jirani naye, katika sehemu nyingi za Kongo ya mashariki, aliwaita wateka watu Batambatamba. Neno “mshenzi” likionekana katika sura ya mwanamke wa Kibangubangu anayejizungumzia mwenyewe, mwandishi amesahau amesimama wapi.

Kiswahili kina ugumu mmoja ambao vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwa Kiingereza havitauonya. Nafsi yetu ya tatu haitofautishi mwanamume na mwanamke. “A-” na “-m-” hubeba watu wote. Tazama kifungu hiki cha kubuni: “Mama Mkubwa alimtazama mnyapara. Alijua anadanganya. Alitamani amwambie aondoke, lakini aliogopa.” Nani alijua? Nani anadanganya? Aliyeogopa ni mwenye nyumba au mwenye msafara? Sentensi zote ni sahihi kisarufi, na msomaji amepotea katika mistari miwili. Ndiyo maana kurukaruka kutoka kichwa hiki kwenda kile ndani ya aya moja, jambo ambalo lugha nyingine zinaweza kulivumilia, kwetu huwa ukungu mtupu. Sasa tukifunge kifungu kilekile ndani ya jicho moja: “Mama Mkubwa alimtazama mnyapara. Kidole cha mnyapara kilikuwa kikisugua ukingo wa kofia, kama siku ile alipokana deni la chumvi. Angeweza kumfukuza. Lakini bunduki ilikuwa imeegemezwa mlangoni, na watoto walikuwa ndani.” Hofu haikutajwa, uongo haukutajwa, na moyo wa mnyapara umebaki umefungwa kama unavyopaswa kuwa kwa mtu anayetazamwa na mwingine. Tunachokijua juu yake ni kidole tu, na kumbukumbu ya chumvi ambayo ni ya Mama Mkubwa peke yake. Akitaka kutuonyesha anachowaza mnyapara, mwandishi asubiri zamu ya huyo mnyapara, baada ya nafasi nyeupe au sura mpya.

Wapo watakaosema kuwa njia hii inamchosha msomaji, na kwamba riwaya nzuri zimetosheka na jicho moja. Hoja hii ina uzito. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili kama Peponi (2022), anaupeleka msafara wa pwani hadi ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, na karibu yote tunayaona kwa Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Jicho lile moja linatosha. Lakini tujiulize ni kwa nini. Yusuf si bwana wala si mtumwa kamili, si mtu wa bara wala si mtu wa pwani hasa. Anasimama mpakani, na kila upande unampitia. Mwandishi akimpata mhusika wa namna hiyo, na ashike huyo huyo, asiongeze wengine kwa tamaa. Gurnah huyohuyo, alipotaka kuandika juu ya familia mbili zenye ugomvi wa nyumba, katika By the Sea (2001), aliona jicho moja halitoshi. Aliwapa Saleh Omar na Latif Mahmud nafasi ya kusimulia kila mmoja kwa “mimi”, na utamu wa kitabu unatoka pale ambapo kumbukumbu ya mmoja inairekebisha ya mwenzake. Idadi ya macho haipangwi kwa mtindo. Hupangwa na aina ya ugomvi ulio katikati ya hadithi, na kama pande zinagombania ukweli wenyewe wa lililotokea, kumpa mmoja kipaza sauti ni kuamua kesi kabla ya kusikilizwa.

Kuhusu kuchosha, mara nyingi kinachochosha ni kurudia. Mwandishi anatusimulia mauaji ya sokoni kwa jicho la kwanza, kisha anarudi mwanzo na kutusimulia upya kwa la pili na la tatu, risasi zilezile, mitumbwi ileile. Tukio lirudiwe pale tu jicho jipya linapoligeuza. Vinginevyo hadithi iendelee mbele, zamu zikipokezana kama wapagazi wanavyopokezana mzigo bila kurudi kambini. Mwandishi wa Kizimbabwe Petina Gappah alifanya hivyo mwaka 2019 katika Out of Darkness, Shining Light, riwaya ya watu walioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Halima, mpishi mwenye ulimi mkali, anasimulia mwanzo wa safari. Kisha Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya wamisionari, anaupokea usimulizi kwa shajara iliyojaa maneno ya kanisani. Safari ni moja, barabara haikupitwa mara mbili. Halima anamjua Livingstone kwa matumbo na vyakula, Jacob anamjua kwa roho na sala, na msomaji ndiye anayelazimika kuwaunganisha wanaume na wanawake wale waliokuwa wakitembea pamoja bila kuonana vizuri.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili. Kumpa mwuza watu “mimi” yake, wanasema, ni kumsafisha, kwa sababu tukikaa ndani ya kichwa cha mtu kurasa 50 huanza kumpenda. Katika nchi ambayo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanasali msikiti mmoja na kuoana, hofu hiyo si ya kudharau. Hata hivyo naamini kinyume chake ndicho cha kweli. Mwovu anayetazamwa kwa nje tu huwa kama zimwi la hadithini: anatisha, lakini hatumwelewi. Ukimweka ndani, ukamwacha ahesabu frasila zake kwa utulivu huku sura inayofuata ikituonyesha nguzo ya mlango iliyong’olewa, hukumu inapita katikati ya sura mbili bila mwandishi kuitamka. Mfikirie Ngongo Lutete. Aliingia utumwani akiwa mtoto, akawa jemadari wa Tippu Tip, mwaka 1892 akahamia upande wa Wabelgiji na kuwasaidia kushinda, na Septemba 1893 wakampiga risasi kwa tuhuma za uhaini. Miaka miwili baadaye askari Watetela wa Luluabourg waliasi, na kifo chake kilikuwa miongoni mwa madai yao. Kwa waliotekwa naye alikuwa janga. Kwa wale askari alikuwa mkubwa wao aliyedhulumiwa. Kwa maafisa alikuwa chombo, kisha tishio. Msimulizi mmoja lazima achague mojawapo. Ila kuna sharti moja ambalo mwandishi asilikimbie: macho mengi yasiwe maficho. Zipo riwaya zinazogawa sauti sawasawa, kurasa 40 kwa huyu na 40 kwa yule, kana kwamba haki ni mizani ya duka. Mpangilio wa sura nao ni hukumu. Anayepewa neno la mwisho, anayekatwa katikati, anayenyamaza baada ya soko, hayo yote mwandishi anayaamua, na anapaswa kujua anayaamua kwa sababu gani.

Imebaki hoja ya wale wasemao kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mwandishi wa leo, mwenye kalamu na umeme wa jua, atathubutuje kusema “mimi” kwa niaba ya mwanamke wa Nyangwe ambaye hakuacha hata jina? Akimpa mawazo ya kitabuni, hotuba juu ya utu na uhuru, kweli atakuwa amemwibia mara ya pili. Lakini akimpa yale ambayo hapana shaka aliyajua, atakuwa salama kuliko anavyodhani. Alijua mto: wapi mkondo unavuta, wapi kijito ni chembamba mno kwa mitumbwi miwili kupishana. Alijua mafundo ya kamba ya mtumbwi wake na ni muda gani huchukua kuyafungua kwa mikono yenye magamba ya samaki. Alijua chungu kilichopikwa vizuri kwa kukigonga kwa ukucha na kusikiliza. Alijua ni nani kati ya wenzake aliyekuja na mtoto mgongoni asubuhi ile, na ni nani aliyemwachia mama mkwe ng’ambo. Katika sura yake, Nyangwe isiwe jina la ramani, iwe sehemu ya kuteremkia. Bunduki isiitwe kwa aina yake, maana hakuzijua aina. Na yule mgeni mweupe mwenye miguu mibovu, anayetazama soko kila lifanyikapo na kuandika juu ya karatasi zilizokwisha kuandikwa, apite pembeni mwa jicho lake mara moja tu, wakati akigeuka kumchagulia mteja samaki, bila jina.